Watengeneza filamu za baiskeli, acheni kutugeuza picha za huruma!

Wakuu,

Nasema moja kwa moja: watu wanaokuja huku kwetu kupiga filamu za baiskeli wanatudhalilisha, na sisi tunawashangilia. Ukiona baiskeli ya Afrika kwenye dokumentari, kinachofuata unakijua. Kilima, jasho, gunia la mkaa, mtoto peku anakimbia nyuma, kinanda cha huzuni, halafu sauti ya Kiingereza inaeleza maisha ya mtu ambaye yuko pale pale mbele ya kamera na mdomo anao. Mwenye baiskeli hasemi. Akisema, wanamwachia sentensi mbili, moja ya shukrani na moja ya shida.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni hiki. Kaka yangu anabeba mizigo kwa baiskeli kati ya Kisesa na Mwanza mjini. Zamani alikuwa anapakia abiria, pikipiki zikawanyang'anya kazi, akahamia kwenye mahindi, kreti za soda, hata vitanda. Wakaja wageni na kamera, wakiongozwa na kijana wa Dar. Siku hiyo kaka alivaa shati safi, maana aliambiwa anarekodiwa. Wakamwomba abadilishe, wakataka lile la kazi lililochanika begani. Wakamwambia avue na viatu. Kaka hajawahi kupanda kilima na mzigo akiwa peku, kwa sababu pedeli zake zimebaki chuma kitupu, mpira ulishaisha, zinakata nyayo. Akavua. Alidhani wanajua wanachofanya.

Kabla ya hapo alikuwa ameshawaeleza kirefu jinsi alivyoijenga ile baiskeli, na mimi nilikuwepo. Fremu ni ya Phoenix. Keria iliyokuja nayo aliitoa, akaweka ya nondo iliyochomelewa na fundi wa mageti. Uma wa mbele umeongezewa vyuma viwili kila upande ili usipinde. Gurudumu la nyuma spoku zake ni nene kuliko za mbele. Mzigo anaufunga kwa mipira ya tyubu kuukuu, anaanzia chini, na uzito anausogeza mbele kidogo, kwa sababu ukilalia nyuma sana gurudumu la mbele linanyanyuka mlimani na usukani unakosa kazi. Kwenye mteremko mkali hategemei breki, anashuka mapema na kuizuia kwa mwili wake. Akawaambia pia bei za tairi zinavyopanda, na jinsi malori yanavyowasukumia kwenye mchanga wa pembeni.

Hayo yote wameyakata! Filamu imetoka, kaka yumo kwa muda usiofika hata dakika mbili, anapanda kilima peku, anahema, na mtu mwingine anasema kwa Kiingereza kwamba maisha ni magumu lakini watu hawa wanatabasamu. Nakala waliyomwahidi hajaiona mpaka leo. Sisi tumekuja kuikuta mtandaoni kwa bahati. Mke wake alilia, na hakulia kwa furaha, aliuliza kwa nini mumewe ameonyeshwa bila viatu wakati viatu anavyo.

Najua kuna watakaokuja kusema huyo ni mmoja, usijumlishe. Basi tuziangalie na zile kubwa.

Rwanda. Filamu ya Rising from Ashes ya mwaka 2012 inahusu timu ya taifa ya baiskeli ya Rwanda. Mlango wa kuingilia hadithi ni kocha, Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mwaka 1981. Msimulizi ni Forest Whitaker, Mmarekani mwingine. Siibezi kazi ya Boyer, timu ilijengwa na matunda yalionekana. Lakini ndani ya filamu hiyo hiyo yumo Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari ya 1994, akakua, akawa mwendeshaji wa kulipwa, akabeba bendera ya Rwanda Olimpiki ya London 2012 na kushindana mbio za baiskeli za milimani. Mtu kama huyo anahitaji mlango wa kupitia? Yeye ndiye angekuwa sauti ya filamu tangu dakika ya kwanza, kwa Kinyarwanda chake, na kocha akaja baadaye kama kocha.

Kenya ni hivyo hivyo. Chris Froome amezaliwa Nairobi, ameshinda Tour de France mara nne, na aliyemlea kwenye baiskeli akiwa kijana ni David Kinjah, kule kijijini karibu na Kikuyu. Makala za televisheni nilizoziona kuhusu Froome zinampa Kinjah nafasi ya kupita tu: nywele za rasta, nyumba ya mabati, vijana wanatengeneza baiskeli uani, tunarudi Ulaya. Huyu ni mtu aliyeendesha mwenyewe mashindano ya kimataifa na kuwafundisha vijana kwa miaka mingi. Anajua kusoma mlima, anajua kumjua kijana mwenye mapafu. Mwulizeni hayo!

Na msiniambie filamu nzuri ya baiskeli na mtu maskini haiwezekani. Imewezekana zamani sana, Italia, 1948. Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica. Mzee wa watu amepata kibarua cha kubandika mabango Roma, sharti awe na baiskeli, na baiskeli iko rehani. Mke wake anavua mashuka ya kitandani, anayafunga, wanakwenda kuyaweka rehani ili baiskeli itoke. Halafu kamera inamfuata mhudumu anayepanda kwenye rafu kulirusha furushi lao juu, na unaona rafu zimejaa mashuka ya nyumba nyingine hadi darini. Hakuna anayekueleza kitu. Unaelewa mji mzima una njaa. Baiskeli inaibwa siku ya kwanza ya kazi, na filamu nzima ni baba na mwanawe wakiitafuta.

Sasa sikilizeni hili. Tajiri wa filamu wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa hela kama nafasi ya yule baba atapewa Cary Grant, nyota wa Hollywood. De Sica akakataa. Akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hajawahi kuigiza. Ndiyo maana mpaka leo ukiutazama ule mwendo wake, ile mikono isiyojua pa kukaa, unamwamini. Huyo naye alikuwa maskini, suti imemchakaa, lakini hakuna aliyemvua viatu ili wageni wamwonee huruma.

Beijing Bicycle ya Wang Xiaoshuai, 2001, nayo ni hivyo. Kijana wa kijijini anaingia mjini, kampuni ya kusambaza barua inampa baiskeli, anakatwa kwenye mapato yake mpaka itakapokuwa mali yake. Inaibwa akiwa amebakiza kidogo tu. Dereva yeyote wa bodaboda wa hapa Tanzania anayeendesha kwa mkataba, anayepeleka hesabu kila siku akisubiri kukabidhiwa kadi, ataielewa filamu ile bila kuhitaji tafsiri hata moja. Kule Saudia, Haifaa al-Mansour alitengeneza Wadjda, 2012, msichana anayetaka baiskeli ya kijani, na kwenye mitaa ya Riyadh alilazimika kuongoza akiwa ndani ya gari kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kuchangamana na wanaume hadharani. Mwenyeji anasimulia kwao.

Na hapa jirani, Malawi, The Boy Who Harnessed the Wind, 2019. Mwongozaji wake, Chiwetel Ejiofor, amezaliwa Uingereza, si Mmalawi, lakini alikwenda kupigia filamu huko huko Malawi, Kichewa kimo, na kijana mkuu ni Maxwell Simba, Mkenya. Mtoto anataka kuikata baiskeli ya baba yake ili atengeneze kinu cha upepo. Baba anakataa kwa hasira, na filamu inakupa muda wa kuelewa kwa nini: ni mwaka wa njaa, na ile baiskeli ndiyo chombo pekee alichobaki nacho nyumbani. Inapokuja kukatwa, moyo unauma. Kwa hiyo mgeni akitaka kuheshimu, anaweza. Wanaokuja kwetu hawataki kukaa siku za kutosha, basi.

Na sisi wenyewe hatujasalimika. Bongo Movie baiskeli ni ya mshamba. Akitokea mtu na baiskeli, ujue ataanguka kwenye mtaro, au atachekwa na binti wa mjini, au ni mlinzi wa geti. Nusu ya vijiji vya Usukumani vimesomesha watoto kwa baiskeli, mama wajawazito wamefikishwa zahanati kwenye keria, na msanii wetu akiiona anaona kichekesho. Ma-DJ wetu wametafsiri mamia ya filamu za mapigano kwa ajili ya vibanda umiza. Ya waendesha baiskeli sijaikuta hata moja. Watu wa Kisesa waliorekodiwa hawawezi kuielewa filamu iliyorekodiwa Kisesa.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara hili. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 na waliomaliza ni 30 tu, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Dunia nzima ikashangaa milima. Hapo jirani Burundi kuna vijana wanaoshuka milima kama hiyo na ndizi hadi Bujumbura, na kurudi wanajishikiza nyuma ya malori. Video zao zipo tele, zote ni za kushangaa watakufa lini. Hakuna anayewauliza breki wanaifanyaje, ndizi wanauza kwa nani, nani anakula faida.

Kwa hiyo nawaambia waendeshaji wote, kuanzia wabeba mkaa hadi wanaofanya mazoezi ya mashindano. Akija mtu na kamera, kabla hujapanda baiskeli, mwambie aandike kwenye karatasi: analipa kiasi gani kwa siku uliyoacha kazi, nakala italetwa lini na kwa namba gani, na kwamba utaiona kabla haijatoka. Vaa nguo unazotaka wewe. Viatu usivue. Akisema hana muda wa karatasi, endelea na safari yako, mzigo una mwenyewe anausubiri.

Kama wewe au ndugu yako mmerekodiwa mkaachwa hivi, andika hapa chini: wilaya, mwaka, mliahidiwa nini, mlipata nini. Majina ya watu msiweke kwa sasa. Na kama kuna DJ au mwanasheria humu ndani anayeweza kusaidia, anitafute PM leo, kaka yangu yuko tayari kuongea, na safari hii ataongea yote.