Tupeane uzoefu: vifaa vya gari la kulalia, umeme wa swichi (unaofuata ufunguo) au dairekti (moja kwa moja kutoka betri)?

Wa Uyole (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za baridi. Nina Hiace ya petroli. Nimetoa viti vya nyuma, nimeweka kitanda, friji ndogo ya volti 12, feni, taa za ndani na sehemu ya kuchajia simu. Nafuata nayo parachichi Rungwe na viazi Matamba, na familia ikipata nafasi tunashuka Matema kulala ufukweni.

Magari ya namna hii yanaongezeka huku kwetu, lakini ukifungua dashibodi unakuta mambo ya kutisha: waya umechunwa nyuma ya redio, umezungushiwa tepu nyeusi, na mzigo wa gari zima unapita humo. Naomba kila mwenye uzoefu aseme kwake kipi kinafuata ufunguo, kipi hakifuati, na kwa nini.

Kuna fundi aliniambia, "Weka kila kitu kwenye swichi, ukizima gari na vyote vimezima, betri iko salama." Sikubaliani naye. Gari la kulalia linatumika zaidi likiwa limezimwa. Nikiegesha Matema saa kumi jioni nikachomoa ufunguo, samaki niliowanunua watalala kwenye friji iliyokufa? Na nikiacha ufunguo kwenye ON usiku kucha ili taa ziwake, hapo nakuwa nimewasha nusu ya mifumo ya injini bila sababu. Kwangu vya kufuata ufunguo ni chaja ya dashibodi, kamera na taa za nyongeza za mbele. Friji, feni na taa za kitandani vijitegemee. Nipeni yenu.

Fundi wa Mwanjelwa

Mkuu umegusa penyewe, niruhusu niandike kwa kirefu maana kazi hii ndiyo inayonilisha.

Swichi ya gari ina hatua nne: LOCK, ACC, ON, START. Kwenye ACC unapata redio na kiberiti cha sigara. Kwenye ON inaingia mifumo ya injini, vipimo, feni ya hita. Ukifika START, magari mengi hukata ACC kwa muda ili starta ipate nguvu yote ya betri, halafu ACC inarudi ukiachia ufunguo. Ndiyo maana simu iliyokuwa inachaji hulia "ti" mara mbili unapowasha gari.

Sasa shida iko hapa. Nyaya zinazopita kwenye swichi, na vile visahani vya shaba vilivyomo ndani yake, vimepimwa kwa mzigo uliotoka kiwandani. Ukiongeza taa mbili za wati 55 kila moja, hiyo ni wati 110. Gawanya kwa 12 unapata zaidi ya ampea 9 juu ya zile zilizokuwepo. Swichi inapata joto, plastiki inalegea, na siku moja ufunguo unazunguka gari haliitiki. Nimebadilisha swichi za namna hiyo kwenye daladala nyingi hapa mjini.

Sheria yangu ni moja: ufunguo utoe amri, mzigo utoke betri. Kinachofanya hivyo ni rilei, swichi ndogo inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Zile za kawaida zina namba chini. Namba 30 inapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi. 87 inakwenda kwenye kifaa. 86 inapokea waya mwembamba kutoka umeme wa swichi, na 85 inafungwa kwenye bodi ya gari. Koili ya ndani inakula kama ampea 0.15 hadi 0.2 tu, swichi haiihisi kabisa. Ukigeuza ufunguo rilei inalia "tak", na mzigo wote unatoka betri kwa waya wake mnene.

Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Wengi wanaiweka karibu na kifaa, wakidhani inalinda kifaa. Fyuzi inalinda waya. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikikwaruzana na bodi, betri inamwaga nguvu yake yote pale, na moto wa gari huanza hivyo.

Dada wa Njombe

Fundi, hilo la mwisho naliunga mkono kwa mikono miwili. Noah yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa na muziki mkubwa. Tukiwa tumepita Makambako na mizigo ya mnada tukasikia harufu ya plastiki. Tukasimama, tukachomoa temino ya betri. Fundi wa pale alipofungua chini ya usukani akakuta waya umeungwa moja kwa moja kwenye waya wa swichi, hauna fyuzi popote, na ganda lake limeshalainika kama uji wa ulezi. Tulikuwa na mtoto kwenye kiti cha nyuma. Mtu akiniambia "fyuzi siyo lazima" siku hizi simsikilizi hata kidogo.

Sasa hivi nalala kwenye gari nikifuata minada. Taa zangu za ndani ni dairekti, zina fyuzi ya ampea 5 na swichi yake kando ya godoro. Nimebandika na kile kimita kidogo cha volti. Betri iliyopumzika ikisoma 12.6 imejaa. Ikifika 12.2 imebaki kama nusu, nazima kila kitu, navuta blanketi. Njombe mwezi wa saba betri iliyochoka haikuonei huruma asubuhi: baridi inaipunguzia nguvu, na oili nzito ya injini inataka starta ihangaike zaidi.

Mpeleka wageni, Iringa

Mimi kazi yangu ni Land Cruiser kwenda Ruaha. Wageni wanataka maji baridi mchana kutwa, na tukiwa tumeegesha tunatazama tembo injini lazima izimwe. Kwa hiyo friji kwenye ufunguo haiwezekani. Nina betri ya pili kwa ajili ya mambo ya nyuma, na ya mbele ni ya starta peke yake. Hesabu yake ni hii: friji ndogo ya kompresa inavuta kama ampea 4 ikiwa inanguruma, lakini haingurumi muda wote, hivyo wastani unaangukia ampea moja na nusu mpaka mbili. Usiku wa saa 12 ni kama ampea-saa 20 hivi. Betri ya ampea-saa 100 inamudu bila kushushwa chini ya nusu, na betri za maji zikishushwa chini ya nusu kila mara hazidumu.

Jambo ambalo watu hawalitazami ni unene wa waya. Friji iko nyuma, betri iko mbele. Chukua mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya wa milimita mraba 2.5, ampea 10 zikipita: unapoteza karibu volti 0.7 njiani. Friji inaona volti ndogo, inadhani betri imekufa, inajizima. Mwenye gari anakwenda kununua betri mpya ambayo haihitaji. Weka waya wa 6, upotevu unashuka mpaka kama 0.3, na friji inatulia.

Wa Tunduma

Wenye Coaster na Rosa kutoka Japani, pimeni kwanza kabla ya kuchomeka chochote. Nyingi ni volti 24, betri mbili zimefungwa kwa mfululizo. Na usichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Hiyo moja itaishiwa wakati mwenzake anachajiwa kupita kiasi, utazika zote. Tumia konveta, kifaa cha kushusha volti, ya 24 kwenda 12.

Wa Tukuyu

Mimi shida yangu ilikuwa ukungu. Anayepita Isyonje alfajiri ananielewa, unaendesha huoni hata mdomo wa gari. Nimefunga taa za ukungu kwa rilei kama fundi alivyosema, ila amri nimeichukua kwenye waya wa taa za parking, haikutoka kwenye swichi ya ufunguo. Nikizima taa za gari, zile nazo zimezima. Kwangu hilo ni bora zaidi.

Kwenye betri mbili natofautiana kidogo na wengi. Mafundi wengi wanaunganisha betri ya mbele na ya nyuma kwa rilei kubwa inayopata amri kwenye ufunguo. Ukikaa unasikiliza mpira redioni ufunguo ukiwa ACC, injini imezimwa, betri zote mbili zinashuka pamoja, na maana ya kuwa na ya pili imepotea. Mimi nimeweka ile rilei inayosoma volti. Alteneta (mashine inayozalisha umeme injini ikiwaka) ikianza kuchaji na volti kupanda juu ya 13.3 hivi, inaunganisha. Ikishuka kama 12.8, inatenganisha. Haijali ufunguo uko wapi.

Fundi wa Mwanjelwa

Wa Tukuyu uko sahihi, na kwa mwenye pesa ya kununua hiyo namshauri aichukue. Kwa anayebaki na rilei ya ufunguo, achague vizuri waya wa amri. Ukichukua waya wa ON unaobaki na umeme hata kwenye START, starta itavuta nguvu kutoka betri ya nyuma pia, kupitia waya wako wa 6, na fyuzi itakatika siku ya kwanza. Chukua ACC, inayojikata wakati wa START.

Kuujua ni rahisi. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye bodi, nyekundu kwenye fyuzi unayoichunguza. Ufunguo ukiwa umezimwa isome sifuri, kwenye ACC isome 12 na kitu, na mwenzio akipiga starta ianguke sifuri. Hiyo ndiyo yako. Fyuzi za kiberiti cha sigara na redio ndizo mara nyingi zinafaa. Za eabegi, breki za ABS na kompyuta ya injini usiziguse kabisa. Nyaya za eabegi mara nyingi huwa na soketi za njano, ukiziona toa mkono.

Na wanaotumia kile kishikizo cha fyuzi mbili kinachochomekwa kwenye boksi: kina upande wake. Chomoa fyuzi ya zamani, pima mguu upi wa tundu una umeme, kisha mguu wa kishikizo unaolisha fyuzi zote mbili uangalie huko. Ukigeuza, mzigo wako mpya unapita pia kwenye fyuzi ya zamani, na fyuzi ya redio itakatika kila mara ukisingizia redio.

Gari jipya lenye alteneta inayopunguza chaji kwa amri ya kompyuta ni habari nyingine. Hapo rilei ya volti inaweza isiunganishe kabisa, nunua chaja ya DC kwenda DC.

Wa Uyole

Asanteni sana. Nimeamua: betri ya pili chini ya kitanda, rilei ya volti, waya wa 6, fyuzi kila mwisho wa waya huo kwa kuwa kuna betri pande zote mbili. Taa za mbele kwa rilei na waya wa parking kama wa Tukuyu, maana na mimi Isyonje ni njia yangu. Chaja ya dashibodi peke yake ndiyo itakayofuata ACC. Limebaki moja: waya unatoka vipi kwenye injini kuingia ndani? Hiace injini iko chini ya kiti, sitaki kutoboa ovyo.

Dada wa Njombe

Kaka, tafuta tundu ambalo nyaya za kiwandani zinapita tayari, lina mpira wake. Ukilazimika kutoboa, weka mpira kwenye tundu kabla waya haujapita, na uvalishe waya bomba la plastiki lile lenye mikunjo. Barabara ya Chimala kupanda Matamba inatikisa gari mpaka bati lisilo na mpira linakata waya lenyewe.

Fundi wa Mwanjelwa

Na uuweke mbali na ekzosi. Ukishamaliza, washa vyote kwa nusu saa, kisha shika kila kiungo kwa mkono. Kilicho cha moto kifunguliwe, kifungwe upya.