Pampu inanguruma bila kuzunguka: nibadilishe waya?

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa mafundi umeme mliomo humu.

Nina shamba la zabibu huku Hombolo, pampu ya hp 2, fezi moja. Kutoka LUKU (mita ya umeme) hadi kisimani ni mita 120, waya wa shaba wa 2.5 (unene, milimita za mraba). Asubuhi inawaka vizuri, mchana mara nyingi inanguruma tu. Nimebadilisha kapasita (inayosaidia mota kuanza), wapi! Nikapima: kwenye LUKU volti 228, kwenye pampu ikiwa inafanya kazi 209. Kwa hesabu yangu, waya huo kwenda na kurudi una ukinzani wa kama omu 1.8, kwa ampea 10 volti 18 zinapotelea njiani. Na pampu ikianza huvuta ampea nyingi zaidi.

Fundi mmoja anasema nivute shaba ya 4, mwingine alumini ya 6, bei nafuu. Ukinzani wa alumini ni kama mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo naona zinakaribiana. Viungo ndivyo vinanitia wasiwasi.

Je, shaba ya 4 inatosha au niende moja kwa moja kwenye 6? Na aliyetumia alumini, pale inapokutana na shaba ya pampu ameunga kwa kutumia nini?