Mrejesho: Polisi kuomba kupekua gari

Niliuliza kama dereva huku Marekani anapaswa kukubali polisi anapoomba kupekua gari lake bila hati ya upekuzi ya mahakama, nawashukuru mlionijibu. Juzi nilisimamishwa kwa sababu ya taa ya nyuma iliyoungua, na askari alipoomba kupekua buti nilimjibu kwa upole kwamba sikubali, ila sitamzuia kwa nguvu. Alinipa onyo, akaniruhusu niondoke. Wakili alinieleza kwamba, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1973, polisi halazimiki kumjulisha dereva kuwa anaweza kukataa (jambo ambalo kwangu si la haki hata kidogo), ingawa akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba garini mna ushahidi wa uhalifu anaweza kupekua hata pasipo ridhaa. Kukataa pekee si sababu hiyo.