Mfarishi wa kushona kwa mkono umenikalia miaka 11, nimalizeje?

Mama Viraka:
Wakuu habari zenu. Nichekeni kidogo halafu mnishauri.

Nikiwa na mimba ya kwanza nilianza kushona mfarishi wa viraka kwa mkono. Kuunganisha viraka vya juu hakukunisumbua, miezi minne nikawa nimemaliza. Nikatandika kitambaa cha chini, nikaweka pamba, nikafunika na viraka, nikashikiza matabaka yote matatu kwa bandi (mishono mirefu ya muda) na pini. Kisha nikaanza ile mishono midogo ya kuyakamatanisha. Hapo ndipo nilipokwama. Mtoto kazaliwa, katembea, kaenda shule, sasa ananifika begani, na mfarishi wake bado uko mfukoni juu ya kabati.

Ukubwa ni sentimita 150 kwa 200. Nilianzia upande wa kushoto (najua, mnasema tuanzie katikati, nilijua baadaye) na nimefika kama theluthi mbili. Juzi nimeushusha nikakuta mambo matatu. Mishono ya mwanzo ni mirefu na imepinda, ya mwisho ni midogo na imenyooka, utadhani wameshona watu wawili wasioongea. Uzi wenyewe umeisha na rangi ile siipati tena. Halafu kidole gumba kinaniuma nikizidisha nusu saa.

Nifumue nianze upya? Nimalizie kwa cherehani? Mume wangu anashauri nikate ile theluthi isiyoshonwa, nipinde ukingo, niseme ndio saizi niliyotaka. Sijamjibu mpaka leo.

Subana ya Bati:
Ukifumua yote tutakutana hapa tena baada ya miaka 11 mingine. Mishono ya zamani iache kama ilivyo. Jicho la mtu halihesabu mishono, linaona kama imelingana. Na hiyo tofauti unaiona wewe uliyeinamia kazi. Aliyejifunika haioni.

Kuhusu uzi, usihangaike kutafuta rangi inayokaribiana. Rangi inayokaribiana itaonekana umekosea. Chukua tofauti kabisa, ushone nayo sehemu yote iliyobaki na uizungushe pembeni mwa mfarishi mzima, hapo itaonekana umekusudia. Kama una kipande cha ule wa zamani, kishike kwa mikono miwili ukivute kwa ghafla. Kikikatika kirahisi ujue uzi umechoka, na mishono ya mwanzo itahitaji kuangaliwa.

Fundi Nusu Siku:
Cherehani, dada. Pitisha kwenye maungio ya viraka, siku mbili umemaliza. Miaka 11 si kazi ya mikono tena, ni kifungo.

Bibi Kastabini:
Fundi, mimi sina ugomvi na cherehani, nimeilea familia nayo. Lakini ukichanganya kwenye mfarishi mmoja mkono unaitambua tofauti. Upande wa cherehani unakuwa mgumu, upande wa mkono unalala laini, na hata ukiukunja unakunjika vibaya. Angeanza nayo sawa, lakini kwa hapa alipofika namkatalia.

Mama Viraka, punguza kazi kwa njia nyingine. Tafuta karatasi iliyokuja na pamba yako. Huwa inaeleza umbali wa juu kabisa kati ya mstari na mstari wa mishono. Pamba nyingine zinataka mistari ibanane, zikiachwa wazi hujikusanya mabonge zikifuliwa. Nyingine zinavumilia hata sentimita 20. Kama yako inavumilia, theluthi iliyobaki ishone kwa mistari michache. Au tumia uzi mnene na mishono mirefu ya makusudi, inapendeza na inakimbia.

Sasa hicho kidole. Nina hakika umekaza kitambaa kwenye fremu ya duara kama ngozi ya ngoma. Legeza mpaka ukikibonyeza katikati kwa ngumi kinazama kidogo. Sindano iwe fupi. Mkono wa chini uisubiri ncha, ukiihisi tu isukume juu. Mkono wa juu na subana yake (kofia ya kidole) unainamisha sindano na kuiinua, kama mtoto anayebembea, mpaka ipakie mishono mitatu au minne, ndiyo uivute mara moja. Anayeivuta kwa kila mshono mmoja ndiye anayeumia gumba. Uzi nao usizidi sentimita 45, mrefu unajisokota na unachakaa kwa kupita pita.

Halafu nikuulize. Gumba na rangi ya uzi si mambo ya miaka 11. Ulikwamia wapi hasa?

Mama Viraka:
Bibi, umenikamata.

Upande wa chini kuna kunjo. Kitambaa cha chini kilijikunja wakati nashona, nikakishona humo humo. Urefu wake kama kiganja na nusu, na kiko karibu kabisa na mahali nilipoishia. Siku nilipogeuza nikakiona nilikunja kila kitu nikaweka mfukoni. Sijamwambia mtu. Kila nikiushusha naushika kwa upande wa juu ili nisikione.

Bibi Kastabini:
Kumbe. Nilijua kuna kitu.

Bahati yako hujamaliza. Kunjo likiwa katikati ya mfarishi ulioshonwa pande zote, kitambaa kilichozidi hakina pa kwenda. Lako linapakana na upande ulio wazi, kwa hiyo unakisukuma huko huko.

Geuza upande wa chini uwe juu. Fumua mishono iliyopita juu ya kunjo, na sentimita 10 hivi kila upande wake, kuelekea kusikoshonwa. Usiuvute uzi kwa nguvu utachana kitambaa. Kata mshono mmoja kila baada ya mitatu kwa upande wa chini, kisha geuza, vuta uzi kwa upande wa juu, utatoka vipande vipande. Ukikaribia mahali unapotaka mishono ibaki, acha mkasi, chomoa taratibu kwa tundu la sindano mpaka upate mkia wa urefu wa kidole. Utunge, uupitishe ndani ya pamba, uuache huko. Ukiusahau huo mkia mishono yote ya jirani italegea.

Kisha laza mfarishi sakafuni, kwa mikono yote miwili fagia kitambaa cha chini kuelekea upande ulio wazi, na theluthi yote iliyobaki uipige bandi upya, mistari iachane kiganja kimoja. Bandi ya miaka 11 usiiamini. Ndiyo iliyokuletea kunjo.

Subana ya Bati:
Na pini zote toa leo! Za chuma zikikaa miaka zinashika kutu, na doa la kutu kwenye pamba halitoki kwa sabuni.

Swali kabla hujashika pasi: michoro ya kufuata mishono ulichora kwa kitu gani? Kalamu za wino unaofutika kwa maji ukizipiga pasi wino unaweza kugoma kabisa. Maji ya baridi kwanza.

Mama Viraka:
Penseli, na imeshafifia. Asanteni, Jumamosi nafumua.

Fundi Nusu Siku:
Mimi bado nasema cherehani. Ila tuletee mrejesho.

Mama Viraka:
Mrejesho. Kwa muda wa saa mbili na nusu nimefumua, kunjo limenyooka, na yale matundu madogo yaliyobaki nimenyunyizia maji kidogo nikayasugua kwa ukucha, hayaonekani. Nimepiga bandi upya. Pini mbili zilikuwa na kutu, doa moja limebaki, litafunikwa na mshono. Fremu nimeilegeza kama Bibi alivyosema, nimeshona dakika arobaini gumba halijalalamika. Uzi nimechukua wa njano.

Mtoto kakaa pembeni anaangalia, akauliza hii blanketi ni ya nani. Nikamwambia.

Lakini jamani, ndani ya pamba, chini ya lile kunjo, nimekuta sindano nzima na uzi wake.

Bibi Kastabini:
Pole. Pakiti ya zamani bado unayo? Hesabu zilizobaki kabla mtu hajalalia.

Mama Viraka:
Ninayo. Imebaki sita kati ya kumi. Mkononi mwangu nina tatu, na hii niliyoikuta ikiwemo.