Je, ni busara kununua santuri iliyochakaa kwa ajili ya jalada lake?

Mkusanyaji Mpya:
Ndugu zangu, nimeanza kukusanya santuri za zamani, na mara nyingi hukutana na ile ambayo sahani yake imejaa mikwaruzo hata sindano haitulii, ilhali jalada lake bado linapendeza. Wapo wanaoniambia kuwa santuri isiyosikilizika ni mzigo tu. Je, jalada pekee linastahili kununuliwa, na nitalitofautishaje la zamani na la toleo lililorudiwa?

Mpenda Michoro:
Linastahili kabisa. Kabla ya mwaka 1940 santuri nyingi ziliuzwa ndani ya mifuko au majalada yasiyo na picha, mpaka Alex Steinweiss, msanifu kijana wa kampuni ya santuri ya Columbia, alipowashawishi waajiri wake kwamba mchoro ungemvuta mnunuzi. Santuri ndefu ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ilipotoka mwaka 1948, wasanifu walipata uwanja wa zaidi ya sentimita 30 kila upande, nao waliutumia vilivyo. Tazama kazi za msanifu Reid Miles kwa Blue Note, kampuni ya santuri za jazi: picha zilizopigwa na Francis Wolff alizikata bila huruma, mara nyingi akazitia rangi moja tu, kisha akaziacha herufi zitawale nafasi iliyobaki. (Ajabu ni kwamba Miles mwenyewe hakuwa mpenzi wa jazi.)

Mtunza Santuri:
Kuhusu kutofautisha, lichunguze jalada kwa kioo cha kukuza. Matoleo mengi yaliyorudiwa yametokana na kunakili jalada lililokwisha kuchapwa, kwa hiyo maandishi madogo ya nyuma hupoteza ukali wake, na picha huweza kuonyesha mawimbi ya nukta ambayo hayakuwapo awali. Majalada mengi ya Marekani ya miaka ya 1950 yalitengenezwa kwa kubandika karatasi iliyochapwa juu ya kadibodi, na mkunjo wa karatasi hiyo huonekana ukipapasa kwa ndani. Ukishalipata, lisimamishe wima mbali na jua, kwa sababu santuri zikirundikwa bapa, ukingo wa sahani huacha alama ya duara juu ya mchoro, na alama hiyo haifutiki.

Msikilizaji:
Nakubaliana na wenzangu, ila usiitupe sahani hata kama imeharibika. Lebo yake, pamoja na nambari zilizochongwa karibu na lebo hiyo, ndizo zinazosaidia kujua ilichapwa lini. Ukitenganisha sahani na jalada, jalada hupoteza ushahidi wake. Ukitaka kusikiliza, tafuta nakala nyingine ya toleo lilelile ambayo jalada lake limeraruka, kwani hiyo huuzwa kwa bei nafuu. Lakini ukija kuuza jalada lako likiwa na sahani ya nakala hiyo nyingine, mweleze mnunuzi wazi kwamba sahani na jalada havikutoka pamoja.