Tupeane uzoefu: kocha uliyekuwa unamlalamikia kila siku kaondoka, ulijisikiaje?

Wakuu habari za majukumu. Mimi niko Lexington, Kentucky, huku basketi ya chuo watu wanaichukulia kama sisi tunavyochukulia Simba na Yanga, tofauti tu ni kwamba mji mzima uko upande mmoja. Nimeleta huu uzi kwa sababu John Calipari, kocha wa timu yetu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, aliondoka Aprili 2024 na mpaka leo moyo wangu haujakaa sawa, nataka kujua kama ni mimi tu.

Nilifika huku 2011, sijui hata sheria za basketi. Jamaa niliyekuwa napakia naye mizigo zamu ya usiku ndo akanifundisha, na msimu ule ule tukabeba ubingwa, tukaifunga Kansas 67-59 kule New Orleans, Anthony Davis wetu kafunga pointi 6 tu ila kazoa ribaundi 16 (mipira inayorudi baada ya mtu kukosa) na bado akawa mchezaji bora. Kuanzia hapo nikawa na cha kuongea na majirani. Mtu mgeni atanielewa hapo.

Sasa baadae mambo yakaharibika. 2015 tumeshinda mechi 38 mfululizo tukaanguka kwa Wisconsin, 2021 tukamaliza msimu tumeshinda 9 tumefungwa 16, halafu ikaja ile mechi ya mtoano na chuo cha Oakland Machi 2024, yule Gohlke wao anatupia za pointi tatu kumi peke yake, tumefungwa 80-76. Mwanangu alikuwa na miaka tisa, kavaa jezi ya zamani ya mchezaji wetu Tshiebwe namba 34 inamfika magotini. Hakulia. Aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati akaenda kulala. Mimi nikaandika kwenye grupu ya kazini huyu mzee aende, imetosha. Hazikupita wiki tatu kaenda kweli, kufundisha chuo cha Arkansas, na ile video yake ya kuaga niliiona nikiwa paking ya duka, nikazima gari nikakaa mle ndani mpaka maziwa niliyonunua yakapata joto.

Wenye uzoefu karibuni.

Mdau wa Louisville:
Bandugu, mie niko Louisville lakini moyo uko Lexington. Natoka Lubumbashi, sasa muelewe Oscar Tshiebwe kwetu alikuwa mutoto wa nyumbani. 2022 alichukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, kanisani kwetu wamama wazee wasiojua pointi zinahesabiwaje walikuwa wanamuombea kwa jina. Mechi ya mtoano mwaka ule na chuo cha Saint Peter's aliweka pointi 30 na ribaundi 16 na bado tukafungwa 85-79. Watu walimutukana kocha, mie sikuweza. Mtu amekulelea mutoto wako vizuri, unamutukanaje? Lakini nilikuwa nimechoka pia, kweli ya Mungu.

Mdau wa Memphis:
Poleni sana, hiyo ya kwenu sisi tuliionja 2009. Calipari alikuwa kocha wetu wa chuo cha Memphis, 2008 alitufikisha fainali, tukapoteza kwa Kansas muda wa nyongeza, mwaka uliofuata akaja kwenu. Baadae hata ushindi wa msimu ule tukafutiwa. Nilikuwa na hasira miaka, lakini 2012 alipobeba kombe na nyinyi nilifurahi na kuumia hapo hapo.

Mdau mkongwe:
Mimi nilianza kuipenda hii timu 1996, Mark Pope akiwa kapteni, tumebeba kombe. Sasa walipomtangaza Pope kuchukua nafasi ya Calipari nikanuna, kocha Scott Drew wa Baylor kakataa halafu tunaletewa mtu ambaye hajashinda hata mechi moja ya mtoano wa Machi, ule wa kutafuta bingwa wa vyuo, akiwa kocha! Jumapili ya kumtambulisha nikaenda Rupp, uwanja wetu wa nyumbani, kwa shingo upande, nikakuta uwanja umejaa watu zaidi ya elfu ishirini, hakuna mechi, ni kumsikiliza mtu tu, na wachezaji wa zamani wamekuja naye. Nilimwona mzee mmoja kavaa sweta la 1996 limechanika kiwiko anafuta machozi kwa mkono ule ule wa sweta. Nikalainika hapo hapo.

Mtoa mada:
Nashukuru wakuu, mmenitua mzigo. Pope nampenda, timu inacheza vizuri, msimu wake wa kwanza kaifunga Duke, na Tennessee kaifunga mara mbili. Ila tarehe 1 Februari 2025 Calipari aliporudi Rupp na Arkansas, watu wakawa wanamzomea, mwanangu akaniuliza baba na sisi tuzomee? Nikamwambia kaa tu tuangalie. Wakatufunga 89-79, nikaumia sana.

Halafu Machi timu zote mbili zikaingia kumi na sita bora za mtoano, sisi mara ya kwanza tangu 2019. Arkansas walitangulia kucheza usiku mmoja kabla yetu, na Texas Tech, nikabaki sebuleni peke yangu wote wamelala, sauti nimepunguza, naomba mzee ashinde. Walikuwa wanaongoza kwa 16, wakafungwa 85-83. Sikuwahi kumwambia mtu hili mpaka leo naandika hapa.