Mwanamke msomi akivuka miaka hamsini, kwa nini waajiri wanamfungia milango?

Ndugu wanajukwaa, nina shahada ya uzamivu, nimefanya utafiti na kuongoza idara kwa miaka mingi, na tangu taasisi niliyokuwamo ipunguze wafanyakazi sijapata ajira nyingine. Ninaandika kwa hasira, kwa sababu sababu ninazopewa zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Nikiomba nafasi ya chini, naambiwa elimu yangu imezidi mahitaji na kwamba nitaondoka upesi; nikiomba nafasi ya kiwango changu, naambiwa teknolojia imenipita, ingawa hakuna aliyewahi kunipima hata kwa zoezi moja. Wengine hawajibu kabisa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba umri wetu hauhesabiwi kama wa wanaume. Mwanamume mwenye mvi akiingia kwenye usaili huonekana mzoefu, lakini mwanamke wa rika lake huonekana amechoka. Asidai mtu kwamba hizi ni hisia zangu tu. Nchini Marekani, watafiti walituma kwa waajiri maombi ya kazi zaidi ya 40,000 ya waombaji wa kubuni, yaliyotofautiana kwa umri wa mwombaji, wakakuta kwamba ushahidi wa ubaguzi wa umri ulikuwa mzito zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Hukohuko, mwaka 2023, kampuni moja ya ufundishaji wa mtandaoni ilikubali kulipa dola 365,000 kumaliza kesi iliyodai kwamba programu yake ya kupokea maombi ilikuwa ikiwakataa wanawake kuanzia miaka 55 na wanaume kuanzia miaka 60. Yaani, kwa mujibu wa madai hayo, mtu fulani alikaa akaamua kwamba mwanamke huzeeka miaka mitano kabla ya mwanamume, kisha akaiagiza mashine itekeleze.

Sheria nazo zinatuacha katikati. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja rangi, jinsia, dini na misingi mingine ya ubaguzi katika ajira, lakini umri haumo katika orodha hiyo. Kila nchi imeachiwa iuongeze ikipenda. Hata pale umri unapolindwa, ukilalamikia jinsia, mwajiri ataonyesha wasichana aliowaajiri, na ukilalamikia umri, ataonyesha wazee wa kiume waliomo ofisini mwake. Mwanamke mwenye umri mkubwa hayumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili, na kesi yake inaweza kuanguka.

Halafu takwimu zinatufuta. Kwa kawaida, anayehesabiwa hana ajira ni yule anayeendelea kutafuta kazi. Aliyechoka kukataliwa akaacha kutafuta huondolewa katika hesabu, na kwa mwanamke ni rahisi kusemwa kwamba ameamua kupumzika nyumbani. Hakuamua. Wengi wetu tulisimamisha kazi kwa vipindi ili kulea watoto au kuuguza wazazi, kwa hiyo michango yetu ya pensheni ni pungufu, na miaka hii ya mwisho ndiyo tuliyoitegemea kuziba pengo hilo.

Waajiri na maofisa rasilimali watu mliomo humu, ninadai majibu: kwa nini fomu zenu zinauliza tarehe ya kuzaliwa na mwaka wa kuhitimu kabla hamjasoma ujuzi wa mwombaji, na ni nani aliyewaidhinishia kumkataa mtu bila kumwandikia sababu?